Wa Kwanza kwa Kutofika

Gitega hakuna aliyejisumbua sana na mshindi wa mbio za magari. Mshindi alijulikana mapema. Ni yule mwenye gari jipya na mafundi wake mwenyewe, na pikapu imejaa tairi za akiba. Ametoka mji mkubwa wa ziwani asubuhi, na jioni anarudi huko na kikombe chake. Utabishana nini juu ya mtu kama huyo? Sisi tulibishana juu ya wale ambao hawakufika.

Aliyetuanzishia ubishi huo alikuwa fundi redio mmoja karibu na soko. Mbele ya kibanda chake aliweka benchi, na juu ya mlango spika kubwa iliyopasuka upande mmoja. Mbio zikiisha, siku ya soko inayofuata anashika kipaza sauti na kupanga watu. Aliyefika, hata awe wa mwisho, hakumtaja. Aliyebaki njiani ndiye alipewa nafasi. Kubaki kwa sababu ya chuma, yaani injini au ekseli, alisema ni kosa jepesi, chuma hakina akili. Kubaki kwa sababu ya mtu, kama kupotea njia, kulala mtaroni au kusahau mafuta, hilo lilikuwa zito. Alijumlisha mbio zote tangu amani irudi, akatoa orodha mbili, moja ya mashoferi na moja ya timu. Yote yalikuwa kichwani mwake, na kichwa hicho kilisahau haraka makosa ya waliomnunulia bia. Kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza pale kwa fundi redio ndiye wa aibu kuliko wote.

Shoferi wa kwanza ni yule niliyemsomea njia. Timu ya kwanza, ni sisi wawili.

Huyo fundi ndiye wa kwanza kati ya walioniharibia. Majina ya watu sitaandika. Tunaishi pamoja sasa, watoto wao na wangu wanakaa dawati moja. Lakini kazi zao nitazitaja, na wenyewe watajijua.

Mi ni mtu wa Itaba, si mbali na Gitega. Nilitoka huko mtoto wakati wa vita, nikakulia kambini Tanzania, shule nikaiachia darasa la nne. Nilijifunza malori kwa kupakia na kufunga turubai, baadaye kwa kuendesha. Tuliporudi kwa amani nilikuta shamba la baba linalimwa na baba mdogo, ambaye aliniambia alidhani sote tumekufa, na uso wake haukuonyesha kama ameshukuru kukosea. Huyo naye nimemtaja. Nikaenda Muyinga kutafuta kazi, nikapata ya kubeba magunia kwenye duka la ndugu wawili Waislamu. Babu yao alitoka India, wao wamezaliwa hapo hapo, Kirundi chao kilikuwa kizuri kuliko changu. Mkubwa aliagiza mali kutoka nje. Mdogo alitakiwa auze kaunta, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gari la mbio lililokaa nyuma ya duka chini ya turubai.

Gari hilo lilikuja kwa njia ya Dar, la usukani wa kulia, kama magari mengi ya huku. Na huku barabarani tunashika mkono wa kulia. Maana yake shoferi anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita gari lililo mbele yake haoni kitu, anaona mgongo wa gari hilo na migomba. Anayeona ni aliyekaa kushoto, katikati ya barabara. Ndiyo maana kwenye teksi na malori yetu abiria wa mbele hasinzii. Shoferi atamuuliza, “Iko wazi?” naye atatoa kichwa dirishani na kujibu “Iko wazi” au “Bado.” Hata mama aliyepakata kuku anaijua kazi hiyo. Na shoferi mwenye adabu hapiti kwa neno lake mwenyewe. Akipita bila kuuliza, watu wa nyuma watamtukana mpaka mwisho wa safari.

Nilipata kiti cha kushoto kwa bahati. Msoma njia wa zamani wa yule mdogo, aliyekaa kiti hicho na kumtajia kona, alikuwa binamu yao ambaye alitapika kila kona. Siku moja tulipeleka mchele Gashoho na pikapu ya duka, mi nikiwa nimekaa mbele, na njiani aliniuliza mara nyingi kama iko wazi. Tulipofika akazima gari, akaniangalia.

“We hausemi ‘nadhani’,” akasema.

“Nadhani ya nini, patroni? Iko wazi ama haiko.”

“Binamu yangu anasema nadhani. Njoo Ijumaa baada ya swala, tutajaribu lile gari.”

Hivyo ndivyo nilivyoacha magunia. Karatasi za njia nilichora mwenyewe, kwa alama zangu: jembe ni kona ya kukunja, kikapu ni shimo, msalaba ni kanisa ambapo watu hukaa barabarani. Siku za mbio walifunga barabara kwa kamba na vijana wenye vibendera, lakini barabara yetu haifungiki. Mtu ameshusha ndizi zake kwa baiskeli tangu kilimani, hana breki ila kandambili yake, utamfungia wapi? Kwa hiyo hata mbioni yule mdogo aliniuliza vile vile, “Iko wazi?” na mi nikajibu. Tulikuwa wazuri. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Sasa hayo mabaki yetu. Pale Buraza tulibaki kwa sababu ya jiwe ambalo watu walitumia kuzuia lori lao lisirudi nyuma, lori likaondoka, jiwe likaachwa katikati. Lilitoboa rejeta. Walioliacha ni wafanyabiashara wa mihogo wa pale, wanajijua. Mara nyingine gari lilizima kwenye mteremko, jua likiwaka, kwa sababu petroli ya pipa ambalo kaka mtu aliuzia dukani ilikuwa na maji. Alijua, alikuwa ameambiwa na wateja wa pikipiki. Fundi redio hakulihesabu hilo kuwa la chuma. Alitangaza sokoni, “Mtu anajaza tangi maji kama mtungi, chuma kimekosa nini?” Watu wakacheka mpaka wauza nyanya wakasimama. Na mara nyingine tena klachi iliungua kwenye mlima, kwa sababu fundi wa gereji moja ya Gitega alitufungia ya zamani aliyoipaka rangi. Huyo nilimfuata nyumbani kwake. Alitoka na Biblia mkononi akasema tusameheane.

Ukikaa juu ya orodha ya namna hiyo, maisha yanabadilika kidogo kidogo. Nikipita sokoni Gitega waliniita, “Mtanzania! Umesahau nini njiani safari hii, pasipoti?” Mwingine akauliza kama kambini tulifundishwa kusimama tu, kungoja chakula kiletwe. Nilijifanya nacheka. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa yule kaka mkubwa wa duka, kwa sababu spika ya Gitega ina masikio mpaka Muyinga. Mteja anakuja kununua sabuni, anaweka kikapu chini, anauliza kwa upole kabisa, “Bwana, mdogo wako amebaki kilima gani?” Mzee yule alizoea kuheshimiwa. Alikuwa mtu wa kukopesha misiba sanda bila maneno.

Kabla ya mbio za mwisho alituita sote wawili nyuma, kati ya magodoro. Hakupiga kelele. Alisema Kirundi, siyo lugha yao ya nyumbani, ili na mi nisikie vizuri.

“Mkifika, gari ni lenu. Mkibaki tena nauza, na wewe mdogo wangu utakaa kaunta kama watu.”

Mdogo akaitikia, “Ndiyo, kaka.” Nje, kwenye jua, akaniambia, “Hatutafuti kushinda. Tunafika tu. Umesikia? Hata tukiwa wa mwisho.” Alikuwa ameshika kioo cha pembeni cha lile gari, anakifuta kwa shati lake jeupe la kwendea msikitini. Nilijua hana kitu kingine duniani anachokitaka. Mke alipewa, duka alipewa. Gari alilichagua mwenyewe.

Tulianzia Gitega asubuhi kwenda Muyinga. Kulikuwa na meza ya kufikia, na meza hiyo ilikuwa na saa ya kufungwa. Atakayeingia baada ya hapo anahesabika hakufika. Sote tulilijua hilo na hatukuliogopa, kwa sababu muda ulikuwa mwingi. Gari liliimba vizuri. Tulipita watu wawili wamesimama na boneti wazi, na mdogo akacheka, akasema hao leo ndio watatutoa kileleni kwa fundi redio.

Tulipokaribia Gashoho tukamkuta mtoto wa mwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Alitangulia kuanza, gari lake jeupe lilikuwa na nguvu lakini yeye mwenyewe aliogopa kona. Tukaingia kwenye vumbi lake. Kiangazi, udongo mwekundu, vumbi linasimama kama ukuta na halina haraka ya kuanguka. Mdogo akapiga honi. Yule alitusikia, nina hakika, kwa sababu niliona taa zake za breki zikigusa na kuacha. Adabu ya mbio ni kusogea. Hakusogea. Huyo nimemtaja pia, na baba yake aliyemnunulia.

“Iko wazi?”

“Bado.”

Kweli ilikuwa bado; baiskeli za mkaa zilipita upande wangu karibu kunigusa kiwiko. Mbele kidogo akauliza tena, nikamwambia bado, na kweli kulikuwa na kona, jembe langu lilikuwa kwenye karatasi. Kisha barabara ikanyooka kati ya mikaratusi. Hapo ndipo pa kupita. Nafasi ya namna hiyo haikuwepo tena mpaka mjini.

“Iko wazi?”

Nilitoa kichwa na mabega yote nje. Vumbi liliingia puani na machoni, sikuona hata tairi letu la mbele.

“Bado.”

“Angalia tena. Iko wazi?”

“Bado, patroni.”

Mkono wake ulikuwa kwenye gia, tayari, na niliuona ukilegea.

Watu wanaojua nilivyotoka nchini wakisikia hapa wanatikisa vichwa. Wanajua kwamba tulipokimbia, mchana mmoja tulikuwa tumejificha kwenye majani kando ya barabara, karibu na mpaka, na jirani yetu mtu mzima alichungulia akasema iko wazi, tuvuke. Walitangulia watu wazima wenye mizigo, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Gari la wenye bunduki lilitokea konani. Mi nilikuwa nyuma, nimeshika kanga ya dada. Basi wanasema, ndiyo maana. Mi sipendi hiyo “ndiyo maana” yao, inanifanya nionekane mgonjwa. Siku ya mbio kulikuwa na vumbi, na asiyeona hawezi kusema anaona. Jirani yule alisema anaona. Nami ni kitu gani nilichojifunza duniani, kama si hicho?

Tulibaki nyuma ya lile gari jeupe mpaka vumbi likajaa kwenye chujio la hewa. Gari likaanza kukohoa. Ukikanyaga mafuta linakataa, ukiachia linaruka kidogo. Mwenye gari jeupe akaenda zake. Tulisimama, nikatoa chujio, nikalipigapiga kwenye goti, tukaondoka, likakohoa tena. Vilima vya mwisho tulivipanda polepole, watoto wakikimbia pembeni na kutupita.

Muyinga watu walikuwa bado wengi. Meza ilikuwa bado imesimama, lakini kitambaa chake kilikuwa mkononi mwa mshika saa, mwalimu mmoja mwenye kofia, anakikunja. Aliangalia saa yake, akatuangalia sisi.

“Imefungwa,” akasema.

“Mwalimu, meza si hiyo hapo?” nikamwambia. “Umeshika kitambaa tu.”

“Nimeshaandika.”

Nikamwambia aandike tena, kalamu haijakauka. Akasema sheria si yake. Nikamwambia hata walioua watu walisema hivyo. Hapo mdogo akanishika mkono, akanivuta kando, akasema tu, “Wacha. Wacha, ndugu yangu.” Kaka yake alikuwa amesimama kwenye ngazi za duka la jirani. Aligeuka, akaingia ndani.

Siku ya soko spika ya Gitega ikasema, “Ni kweli wameonekana Muyinga. Hata mkokoteni unaonekana Muyinga. Kwa hesabu, hawakufika. Na kosa la mtu hilo, siyo la chuma! Msoma njia alikuwa anangoja barabara iletwe.” Bado nakumbuka kicheko chao, kilikuwa cha watu walioshiba.

Gari lilienda Kongo. Mnunuzi alikuja na shoferi wake, wakalitoa chini ya turubai, na mdogo akawaonyesha jinsi gia ya pili inavyotaka kubembelezwa. Mi nilirudishiwa magunia. Nilibeba kwa muda, kisha nikaaga, nikaenda Gitega kuendesha lori la mawe ya ujenzi. Kuhusu ile mikaratusi mi na mdogo hatukuongea. Aliniaga kwa kunipa sukari na mafuta ya kula, kama mtu anayeenda msibani.

Miaka ilipita. Mbio zenyewe zilififia, zikawa zinakuja na kukosa. Fundi redio alizeeka, redio zikapungua, akawa anatengeneza simu, lakini benchi lilibaki na orodha ilibaki. Vijana ambao hawajawahi kuona gari la mbio waliijua kwa moyo, na wa kwanza tulikuwa bado sisi. Siku moja nilikaa kwenye lile benchi nikamwambia, bila ugomvi, jinsi kitambaa kilivyokuwa kinakunjwa tulipofika. Nilimwambia na mambo ya gari jeupe. Alisikiliza na bisibisi mdomoni. Labda uzee, labda alichoka. Akasema kwa kweli hukumu ile ilikuwa kali.

“Nitawatoa,” akasema. “Siku ya soko nitatangaza. Mlifika.”

Nilipata gari la mizigo kesho yake, nikaenda Muyinga kumwambia mdogo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, kama ninayemposea mtu.

Kaka alikuwa ameshafariki. Mdogo alikuwa kaunta, amevaa miwani, tumbo limetoka, anapima maharage. Alifurahi, nasema kweli alifurahi. Aliita chai. Tuliulizana watoto, tukaulizana wazee, akaniambia bei ya saruji inavyomchosha. Kisha nikamwambia.

Aliweka upawa kwenye maharage. “We ndiye uliyemwomba?”

“Nilimweleza tu ilivyokuwa.”

“Ilikuwaje?”

“Kwamba tulifika.”

Alivua miwani akaifuta. Kisha akauliza kitu ambacho nilikuwa nimekingoja tangu siku ile, mpaka nikawa nimesahau kwamba ninakingoja.

“Pale kwenye mikaratusi. Uliona kitu?”

“Vumbi.”

“Nyuma ya vumbi?”

“Sijui. Mpaka leo sijui, patroni.”

“Mi niliona,” akasema. “Upande wangu mtaro ulipinda kidogo, nikaona mbele yake. Kulikuwa tupu mpaka kwenye daraja.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakupita. Sauti yangu ilitoka vibaya, kama ninamgombeza. Alishangaa swali.

“We ulisema bado. Ningepita namna gani?”

Chai ilikuwa mbele yangu, sikuigusa. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme, “Ningekuwa mtu mwingine leo, na we ungekuwa mtu mwingine, kwa neno lako moja tu.” Yote hayo nilikuwa nimejiambia mwenyewe kwenye lori la mawe, na ningeyapokea. Hakusema. Aliingia mama mmoja akaomba chumvi na betri, akamhudumia, akamrudishia chenji na kumuulizia mgonjwa wake. Mama alipotoka akanigeukia.

“Yule mzee mwambie asitutoe,” akasema. “Tulikuwa pamoja ndani ya lile gari, na hatukufika. Sasa akisema tulifika, mi nimekaa huku kaunta miaka yote hii kwa sababu gani? Na kaka yangu aliuza gari kwa kosa gani? Nitaanza kumchukia, naye yuko kaburini.”

“Lakini watu wanatucheka.”

“Wacha wacheke.”

Nimewataja wengi hapa: wa mihogo, wa klachi, wa kahawa, mshika saa, fundi redio, na marehemu mwenye pipa, Mungu amrehemu. Sirudishi neno. Lakini kati yao wote hakuna ambaye ningeweza kumwendea nikamuuliza jinsi shoferi wangu alivyokaa pale na mkono kwenye gia, anaona barabara tupu, anangoja neno langu. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote na sikumwangalia. Nilikuwa nje dirishani.

Siku ya soko nilifika mapema kwa fundi redio, kabla hajawasha spika. Nikamwambia atuache palepale. Aliniuliza kama nimelewa, jana namwomba nitoke, leo namwomba nibaki.

“Shoferi amekataa,” nikamwambia.

“Na wewe?”

Nikamwambia shoferi ni yule, na neno lake ndilo langu. Fundi akachukua kipaza sauti, akakipuliza kuona kama kinasikika, akaanza kutupanga. Nilisimama pale sokoni mpaka akamaliza, na safari hii nilitaka nisikie vizuri, jina lake kwanza, halafu langu.